Kilo Nzima kwa Mkupuo Mmoja

Kwa habari ya nyama hakuna jambo linaloweza kunishangaza. Maneno hayo niliyasema miaka ishirini na sita nikiwa nyuma ya gogo langu pale Katesh, na sikupata mtu wa kunibishia, labda kwa sababu kila mara nilikuwa nimeshika shoka.

Nimesoma mpaka darasa la nne, na hilo la nne lenyewe sikulimaliza. Lakini niletee mnofu mtupu, usio na ngozi wala mfupa, nitakuambia umetoka sehemu gani ya ng'ombe, na kama ng'ombe huyo alichinjwa amepumzika au alichinjwa akiwa hoi kwa safari. Mnofu wa ng'ombe aliyechoka huwa mweusi na unanata kwenye vidole. Usiununue, hata muuzaji akikuapia kwa jina la mama yake. Nilianza na meza ya kuazima na mizani yenye kutu. Nilipoacha kazi, bucha ilikuwa na vigae mpaka darini, friza mbili, na jina langu kwa rangi nyekundu, herufi unazisoma ukiwa ng'ambo ya barabara ya Singida. Sikubebwa na mtu. Kilichonistaafisha ni kiwiko, si uzee. Sasa kijana wangu Emanueli ndiye anayekata, mimi nakaa mlangoni kwenye kiti na kumkosoa.

Kutoka kwenye kiti hicho nawaona ninyi vijana mnaonyanyua vyuma nyuma ya gereji. Mnaingia mmetanua mabega kama mmebeba ndoo mbili, mnamwambia Emanueli, "Broo, kilo moja, leo nilikuwa na mazoezi ya kifua." Mnaichoma, mnaimaliza mkiwa mmekaa hapo hapo, halafu kesho yake mnashinda na chai ya rangi mpaka jioni. Wengine mna makopo ya unga wa protini, mnakoroga vijiko vitano kwa pamoja ili misuli iwahi. Mkiniuliza, "Mzee, nile kiasi gani ili nikue haraka?" mnategemea muuza nyama atajibu nini? Atajibu, "Kingi." Mimi nilijibu hivyo. Tena sikuishia kujibu, nilimlisha mtoto wa watu.

Ngoja kwanza niwaambie nilivyofundishwa kazi, muone kwamba kukosea sikuanzia pale. Aliyenifundisha ni Mzee Athumani, mchinjaji kutoka Kondoa, mtu mfupi mwenye sauti ya kutosha watu wawili. Wiki ya kwanza nilimkatia mama mmoja steki, akaondoka anafurahi. Kesho yake akairudisha ikiwa imepikwa, ndani ya sufuria, akaiweka mezani mbele ya wateja. "Tafuna wewe," akaniambia. Nikatafuna. Nikaendelea kutafuna. Mzee Athumani akaja, akatazama ile sufuria, akasema, "Wewe unapasua mbao au unakata nyama?" Nilikuwa nimekata kufuata nyuzi. Nyama ina nyuzi kama mbao. Kisu kipite kuzikatisha, ndipo jino linapata njia. Yule mama aliniangalia mpaka nikameza. Tangu siku ile sijakosea kukata. Nilikosea kulisha.

Marehemu mdogo wangu aliacha mjane na watoto wawili kule Dongobesh, na shamba la ekari moja la mahindi na maharage. Mkubwa ni Martina. Huyu msichana alianza kukimbia kwa sababu shule ilikuwa mbali, kama wakimbiaji wote wa huku kwetu, na alipomaliza kidato cha nne aliendelea kukimbia kwa sababu hakuna mtu aliyekuwa na mbio za kumfikia amwambie aache. Ikasikika kwamba timu moja ya Arusha itakuja Babati kuchagua wasichana watatu wa mita elfu tano. Watatu tu. Atakayechaguliwa na kufaulu majaribio anaajiriwa, anapata mshahara. Kwa nyumba ile mshahara ulikuwa na maana moja: mdogo wake Martina aendelee na shule, na mama yake aache kulima vibarua kwenye mashamba ya watu.

Mama Martina akamleta kwangu Katesh miezi miwili kabla, kwa kuwa kwangu barabara ni tambarare na chakula kipo. Akaniambia, "Shemeji, nakuachia huyu. Miguu anayo. Wewe mpe pa kulala."

Nikamjibu, "Pa kulala tu? Shemeji, mimi nitampa nyama."

Sasa hiyo akili niliipata wapi? Niliipata kwa rafiki yangu Gidahoda, Mbarbaig anayefuga huko bondeni upande wa Basotu, ambaye nimenunua ng'ombe wake tangu ndevu zetu sote wawili zilipokuwa nyeusi. Mwaka mmoja nilimfuata kambini kuchagua madume, akachinja mbuzi kunikaribisha. Walikuwa wanaume wanne. Nilihesabu mimi mwenyewe: watu wanne, mbuzi mmoja, na kilichobaki kilikuwa pembe. Kesho yake alfajiri wanaume wale wale walisukuma ng'ombe siku nzima juani, hawakukaa chini hata mara moja, wakati mimi niliyekula vipande vitatu kwa adabu nilikuwa nahema nyuma ya ng'ombe wa mwisho. Nikasema moyoni, siri nimeiona. Siri ni kula nyingi, kwa wakati mmoja, mpaka mwisho.

Basi Martina alipokuja nikamwekea utaratibu. Kila jioni kilo nzima ya mnofu wa paja, ale yote, nikiwa nimekaa mbele yake. Asubuhi chai. Mchana chai na andazi. Ugali nikaupiga marufuku, nikisema unachukua nafasi ya nyama tumboni. Nilitamba mtaa mzima. Mteja akija namwambia, "Unamwona yule? Nampakia. Siku ya mbio nafungulia."

Wiki ya tatu akaniamkia asubuhi, uso umemvimba kidogo kwa usingizi mbaya.

"Shikamoo Baba Mkubwa."

"Marahaba. Umekimbia?"

"Nimekimbia. Baba Mkubwa, miguu ni mizito."

"Ni misuli hiyo, inaingia."

"Na nimeamka mara nne kunywa maji."

"Misuli inataka maji."

"Na choo..."

"Martina," nikamwambia, "nani kati yetu ana miaka ishirini na sita kwenye nyama?"

Akanyamaza. Sisi tunalea watoto wanyamaze mkubwa akisema, na ni jambo zuri, ila siku mkubwa akiwa mjinga linagharimu.

Siku ya mchujo, Babati, nilimwamsha mapema nikampa bakuli la supu ya kongoro na nyama ya kuchoma juu yake, ya kufungia kazi. Nikavaa koti langu la kanisani. Mita elfu tano ni mizunguko kumi na miwili na nusu. Mizunguko mitano ya kwanza alikuwa wa pili, na mimi nilishamweleza kila mtu aliyesimama karibu nami kwamba yule ni wangu, yule ni nyama. Mzunguko wa saba akawa wa tano. Wa nane akashika ubavu. Wa tisa, pale kwenye kona niliposimama mimi, akatoka nje ya mstari, akainama, akatapika kongoro yote kwenye nyasi. Aliniangalia. Mzee mmoja niliyekuwa nimemtambia akauliza kwa upole, "Ndiyo umefungulia?"

Mama Martina alishuka kutoka Dongobesh siku ya pili yake na debe la maharage kichwani. Hakupokea chai.

"Shemeji, nilikupa mtu mwenye miguu, umenirudishia gunia."

"Mama Martina, pole sana, mimi nilidhani..."

"Pole haikimbii. Ile timu inarudi kuchagua tena baada ya miezi minne, kocha kasema mwenyewe, na safari hii ndiyo ya mwisho. Wewe umempotezea nafasi. Mrudishie."

Akaweka lile debe katikati ya sebule yangu, akakaa, na nikajua kwamba haondoki kabla sijakubali. Nilikubali. Na mimi nikikubali jambo, muulizeni mtu yeyote Katesh, sirudi nyuma.

Kwanza nilimpeleka Martina zahanati. Kulikuwa na dada mmoja wa lishe, mdogo kuliko mwanangu. Nilimweleza utaratibu wangu wote na kiu ya Martina ya usiku, nikitegemea ashangae kwa kilo. Alishangaa, lakini si kwa namna niliyotaka.

"Mzee, mwili una stoo ya mafuta," akasema. "Stoo ya kuweka protini ya kesho hauna."

"Kwa hiyo nyama yangu yote imekwenda chooni?"

"Hapana. Tumbo linaichambua polepole, saa nyingi, na karibu yote inaingia mwilini. Lakini misuli kwa mlo mmoja inachukua kiasi chake cha kujijengea. Ikitosheka, inayobaki mwili unaichoma kama kuni, nyingine unaigeuza mafuta, na taka yake figo zinaitoa kwa mkojo. Ndiyo kiu ya usiku hiyo. Halafu kesho yake kutwa nzima misuli inasubiri, wewe unaipa chai."

Nikataka namba. Mimi ni mtu wa mizani, nipe gramu. Akacheka. "Wataalamu wenyewe bado wanabishana, na inategemea mtu, uzito wake na kazi yake. Dada, nyoosha mkono." Martina akanyoosha. Yule dada akamgusa kiganja. "Hapa, bila vidole, na unene wake huu. Kiasi hiki kila mlo, mara tatu au nne kwa siku. Si lazima nyama. Mayai, maziwa, maharage ya kutosha, vyote ni vya kazi hiyo. Na ugali mrudishie leo leo. Ugali ndio petroli ya mkimbiaji, na wewe ulimwambia akimbie tangi likiwa tupu."

Nilitoka pale nikiwa nimeelewa kwa lugha yangu. Buchani nina kulabu sita. Ukiniletea mapaja arobaini kwa siku moja, sita nitatundika, mengine yatalala sakafuni, na mimi nitatafuta namna ya kuyaondoa. Ukiniletea sita kila siku, bucha imejaa mwezi mzima. Miaka yote hiyo nilizitazama zile kulabu na sikuona.

Lakini kulikuwa na jambo lililonikera. Gidahoda. Mbona wao wanakula mbuzi mzima na kutembea? Alipoleta ng'ombe nikamkabili.

"Rafiki, umenidanganya."

"Mimi? Lini?"

"Ulinionyesha mbuzi. Watu wanne, mbuzi mmoja, kesho yake mnatembea kama mashetani."

Gidahoda aliegemea fimbo yake akacheka mpaka shuka likamteleza begani. "Ulidhani ile ndiyo nguvu? Rafiki, kule hakuna friza. Nyama haina subira. Usipoimaliza inaoza, na fisi ameshasikia harufu. Tunaimaliza kwa sababu ipo. Wewe ulikuja siku moja, siku ya mgeni. Zile siku nyingine ishirini na tisa hukuja. Ungeona kibuyu cha maziwa asubuhi, kibuyu jioni, na ugali katikati. Miguu inatoka huko."

"Mbona hukuniambia?"

"Uliniuliza? Ninyi Wambulu mnakuja na jibu mkononi, mnatafuta swali la kulifunika."

Tusi hilo nimelihifadhi, kwa sababu ni la kweli. Nikamwambia, "Basi niuzie maziwa. Lita moja kila siku, mkeo anipimie kwa haki."

"Kwa haki ya kwako au ya kwangu?"

"Ya kwako. Ya kwangu imeshatapika Babati."

Sasa sikilizeni kazi ilivyofanyika, maana hapa ndipo pana faida kwenu. Nilichukua kadibodi la boksi, nikamwambia Martina aweke kiganja, nikachora kukizunguka, nikakata. Kadibodi likalowa damu siku ya kwanza, basi nikakata jingine kwa ngozi ngumu ya ng'ombe, nikalitundika pembeni ya mizani. Jioni nikikata mnofu wake, naukata kwa kipimo kile. Wateja walinicheka. "Fundi viatu kahamia bucha?" Niliwaacha wacheke. Asubuhi akirudi kukimbia, uji wa maziwa na yai. Mchana ugali na maharage ya mama yake, bakuli limejaa, maana maharage yanahitaji wingi kuliko nyama ili yafikie kazi ile ile. Alasiri baada ya mazoezi, maziwa ya mtindi na kiazi. Jioni ugali, mboga, na kiganja kimoja cha mnofu uliokatwa kukatisha nyuzi. Ukipiga hesabu, nyama ya kilo moja ya zamani sasa ilikuwa inatupeleka karibu wiki nzima.

Na mimi mwenyewe niliamka. Saa kumi na moja alfajiri nilikuwa barabarani na baiskeli, namfuata nyuma, mlima Hanang uko kushoto bado mweusi, baridi inaingia kwenye kiwiko hiki kibovu. Wiki ya kwanza nilimwacha yeye nyuma. Wiki ya sita nilikuwa namwomba apunguze. Mvua ikanyesha, nikavaa nailoni ya kufungia nyama, tukaenda. Emanueli akaniambia, "Baba, utaugua." Nikamwambia akate nyama, aniachie ugonjwa. Kuna siku Martina alikaa chini barabarani akasema hawezi, wenzake wamefunzwa na makocha, yeye anafunzwa na bucha. Nikashuka kwenye baiskeli nikakaa chini naye kwenye vumbi.

"Mwanangu, niliyekuangusha ni mimi, si miguu yako. Ukiacha leo, mimi ndiye nitakayekuwa nimeshinda, na mimi nilikuwa nimekosea. Utamwacha aliyekosea ashinde?"

Akafuta pua kwa mkono. "Baba Mkubwa, hata ukikosea unataka uonekane."

"Ndiyo. Inuka."

Akainuka.

Jioni ya kuamkia mchujo wa pili alikula kama siku zote, kiganja kile kile, ingawa mkono wangu ulikuwa unaniwasha niongeze. Asubuhi, saa tatu kabla ya mbio, uji na ndizi. Basi. Nilisimama kwenye kona ile ile, safari hii bila koti na bila kumwambia mtu yeyote yule ni wa nani. Mama yake alisimama upande wangu, ameshika khanga mdomoni.

Mizunguko minane alikuwa wa sita. Wa tisa, kwenye ile kona, akapita mbele yetu akiwa ameinua kichwa, anapumua kwa mpangilio. Wa kumi akampita mmoja. Wa kumi na moja akampita mwingine, akawa wa nne. Watatu wa mbele walikuwa mbali, hatua ishirini hivi. Kengele ya mzunguko wa mwisho ikagonga, na Mama Martina, ambaye tangu aolewe kwetu sijawahi kumsikia akipaza sauti mbele ya wanaume, akapiga kelele kwa Kiiraqw, lugha yetu Wambulu, maneno ambayo siwezi kuyasema hapa kwa sababu mengine yalikuwa yananihusu mimi. Martina akafungua miguu. Kwenye mita hamsini za mwisho yule wa tatu aligeuka kutazama nyuma. Usigeuke kamwe, vijana, katika kazi yoyote. Alipogeuka upande wa kulia, Martina alipita kushoto.

Wa tatu. Jina likaandikwa.

Nililia. Semeni mnavyotaka.

Kocha akatuita, akaeleza. Miezi mitatu ya kwanza ni majaribio. Malazi yapo, kiwanja kipo, lakini chakula kila mtu ajitegemee mpaka atakaposajiliwa. Wasichana wengi, akasema, wanaanguka hapo. Wanafika na mbio nzuri, wanaishi kwa chipsi, mwezi wa pili wameisha.

Tulipofika Dongobesh nyumba ilikuwa imejaa majirani, watu wa kanisani, watoto. Mimi nikapanda juu ya kinu kilicholala pale uani, nikawatangazia. Nilikuwa na dume langu jekundu, nililinunua kwa Gidahoda, limenona mpaka mgongo umekuwa bapa. Nikasema, "Kesho nalichinja lile dume! Dongobesh nzima ile mpaka ishindwe!" Watu wakapiga vigelegele.

Mama Martina hakupiga. Alingoja kelele zipungue.

"Shemeji, ni la kula siku moja?"

Nikamwonyesha kwa mkono majirani waliojaa uani.

"Watu hawa kesho watashiba, na mimi nitashukuru," akasema. "Keshokutwa Martina atakula nini kule Arusha? Miezi yote hii umekata nyama kwa kiganja. Leo umefurahi, umerudi kwenye kilo?"

Mzee mmoja akakohoa. Nikashuka kwenye kinu taratibu, kwa sababu ya kiwiko na kwa sababu ya aibu, nikawaambia watu kwamba kesho kutakuwa na makande, mazuri, ya kutosha.

Dume lile nililipeleka mnadani. Alilinunua mfanyabiashara wa Singida baada ya kulizunguka mara tatu na kunitukania bei. Nikalipa ushuru, nikamkabidhi Mama Martina fedha yote, awe anamtumia mtoto kila Jumatatu ya maziwa, mayai, maharage na nyama ya wiki hiyo tu. Miezi mitatu ikaisha bado ana nguvu, akasajiliwa, na mdogo wake yuko shuleni. Kwa hiyo ninyi mnaonyanyua vyuma, mkija buchani muombeni Emanueli awaonyeshe kile kipimo cha ngozi, mweke viganja vyenu juu yake, mnunue kwa kiasi hicho na kesho mrudi. Kutazama ni bure. Mimi kukijua kuliniondolea dume zima, yaani shilingi laki nane, sabini na tatu elfu na mia tano.